Saa Kumi na Mbili, Ivalo

Birit aliingia zahanati na theluji mabegani,
akavua glavu, akaweka tiketi juu ya meza yangu, akasema:
"Nipe dawa ya kila kinachouma huko."

Mimi ni muuguzi wa Ivalo.
Mwaka wa kumi na tisa huu nachanja watu waendao kwenye joto,
na mwenyewe sijapita Rovaniemi ila kwa mtihani.
Lakini fomu naijua.

Homa ya manjano: Tanzania isingekudai
ungetoka kwetu moja kwa moja,
ila wewe utakwama Addis Ababa usiku kucha na nusu ya mchana,
kwa hiyo kunja mkono wa shati.
Siku kumi kabla ya safari, si tisa.
Kadi hii usiitie kwenye sanduku;
ikae na pasipoti, kifuani, kama barua ya mchumba.

Vidonge vya malaria: kimoja kwa siku, na chakula,
na ukirudi uendelee wiki nzima,
hata kama hukuumwa na mbu hata mmoja.
"Mbu?" akasema. "Nimelelewa na mbu wa Julai mimi,
wanaogelea kwenye kahawa."
Wa kwetu, nikamwambia, hunywa na kuondoka.
Wale huacha chenji.

Mifuko ya plastiki iache.
Plagi, yenye pini tatu bapa.
Dola ziwe mpya, zisizo na mkunjo wala wino,
noti kuukuu haina mteja.
Nyama kavu ya kulungu wa theluji, hiyo nayo iache.
"Hata kipande?"
Hata kipande.
Sindano haikumuuma hivyo.

Nguo: niliandika nyepesi, za pamba.
Akanisogezea simu. Bintiye Sunná,
anayepima misonobari Njombe, aliyejifungua Novemba,
ameandika: *Mama, lete sweta. Huku ni baridi.*
Kipimajoto dirishani kilisoma
ishirini na nane chini ya sifuri.
Tulicheka mpaka daktari akafungua mlango.

Chini yake mkwewe Mgaya ameongeza mstari,
na Sunná ameutafsiri:
*Mgeni njoo, mwenyeji apone.*
"Kuna mgonjwa?" Birit akauliza, uso umembadilika.
Sikujua la kumjibu.
Niliipekua fomu, kurasa nne, mbele na nyuma:
yote inamlinda mgeni.
Hakuna kisanduku cha mwenyeji kupona.

Akabakiza swali moja, la saa.
Sunná amemfundisha kwa simu: huko siku huanza na jua.
Likichomoza ni saa kumi na mbili,
ukihesabu moja, mbili, chai iko tayari.
Amenunua saa ya pili, ya bei rahisi, aisete mapema, azoee.
"Sasa niambie," akasema,
"hapa jua halijachomoza tangu mwanzo wa Desemba.
Hapa ni saa ngapi?"

Nilimpiga muhuri kadi.

Alisafiri tarehe saba, na viatu viwili vya ngozi
alivyovishona mwenyewe, kila kimoja urefu wa kidole gumba,
vimefungwa ndani ya sweta.
Saa ya pili aliisahau mezani kwangu,
au aliiacha, sijui. Haikuwa imesetiwa.

Siku tano baadaye nilikuwa nakula mkate nimesimama
mishale ya ukutani ilipoungana juu,
kwenye kumi na mbili yetu, ya mchana,
na nyuma ya kilima cha msitu ukingo mwekundu ukatokeza,
mwembamba kama ukucha,
ukapaka rangi sinki, mabomba ya sindano, mkate.

Nikaweka mkate chini.
Nikaichukua saa ya Birit, nikaisogeza mishale yake,
na kwa dakika zile chache
ya ukutani na ya mkononi zilisoma sawasawa.

Kisha jua likazama.
Foleni ilikuwa na watu watatu.
Nikaita wa kwanza.